Kitundu ndo bidhaa: jinsi taka za mimea zinavyozaa kauri yenye vitundu

Nimeshika hapa nusu ya tofali dogo nililolichoma mwenyewe, saizi ya kipande cha sabuni ya kufulia, na ukiangalia pale lilipovunjika unaona rangi mbili. Nje jekundu, lile jekundu la kawaida la udongo ulioiva, katikati jeusi tii kama mkaa. Nilichanganya udongo wa mfinyanzi na vumbi la mbao, nikakanda, nikakausha wiki nzima kivulini, nikachoma, nikitegemea vumbi lote liungue liache vitundu. Nje kweli vitundu vipo, ukitia tone la maji linanywewa papo hapo. Ndani hamna, vumbi halikuungua, limegeuka mkaa tu na kubaki humo humo likiwa limefungiwa. Hilo tofali ndo lilonifanya nianze kulisoma hili jambo kwa umakini, kwasababu kila nilichokua nimesoma mwanzo kilisema "changanya, choma, vitundu vinatokea", na sio kweli, au tuseme ni kweli nusu.

Sasa kitu cha kwanza cha kutenganisha, manake hapa ndo watu wengi wanapotea. Ukisikia mtu anasema "tunatengeneza kauri kutoka taka za mimea" (kauri ni kitu cha udongo au madini kilichoivishwa kwa moto) anaweza akawa anamaanisha vitu vitatu ambavyo havifanani kabisa. Kwenye kwanza mmea hauingii kwenye kauri hata kidogo, unaungua unaondoka na kuacha shimo pale ulipokua umekaa. Kwenye pili mmea unatoa madini yake, yani ile silika (madini yaleyale ya mchanga) uliyoinywa kutoka ardhini ndo inakua malighafi. Kwenye tatu mmea unatoa umbo lake, mirija na kuta za seli zake zote, alafu kemia inakuja kubadilisha kilichomo kwenye hizo kuta bila kulibomoa umbo. Shimo, madini, umbo. Mashine ni tofauti, joto ni tofauti, matumizi tofauti, na mtu akichanganya hayo matatu anaanza kuahidi mambo ambayo tanuri lake haliwezi.

Lakini kwanini mtu atake vitundu kwanza? Kauri si tunataka iwe ngumu isiyovuja? Inategemea na kazi. Chukua mtungi wa maji, ule wa udongo usiopakwa kitu: maji yanapenya taratibu kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje yanakua mvuke, na mvuke unaondoka na joto, ndo mana mtungi unatoa jasho na maji yake yanakua ya baridi hata kwenye jua kali. Pale kitundu ndo kinafanya kazi yote, udongo kazi yake ni kukishikilia tu. Hivo hivo kwenye tofali la kuzuia joto, anaezuia joto ni hewa iliyonaswa humo ndani, hewa iliyotulia inapitisha joto kidogo kuliko udongo ulioshikana kwa zaidi ya mara 20. Na kwenye chujio la maji kinachokamata uchafu ni upana wa njia. Kwenye vichocheo vya viwandani, vile vitu vinavyoharakisha kemia, kinachotakiwa ni eneo kubwa la uso ndani ya kitu kidogo. Kwaiyo kwenye hii kazi kitundu ndo bidhaa, na ukishalikubali hilo maswali yako yanabadilika: huulizi tena "nichanganye taka gani", unauliza nataka kitundu cha upana gani, kingapi, na je, vimeungana au kila kimoja kimefungwa peke yake?

Hilo la kuungana lina uzito kuliko linavyoonekana. Vitundu vilivyofungwa, kama mapovu ndani ya kioo, vinafaa kuzuia joto na kupunguza uzito ila maji hayapiti ng'o. Vilivyoungana vinapitisha. Vitu viwili vinaweza kuwa na asilimia ileile ya uwazi (yani sehemu ya ujazo iliyo vitundu), kimoja kikawa chujio na kingine kikaelea kwenye maji siku nzima bila kulowa.

Basi tuanze na njia ya shimo, ambayo ndo naipenda zaidi na ndo imeshasaidia watu wengi zaidi. Malighafi ni kitu chochote cha mmea kinachosagika: vumbi la mbao, pumba za mpunga (yani maganda magumu ya nje ya punje), magunzi, makumbi ya nazi, maganda ya karanga, makapi ya miwa. Unasaga, unachekecha, unachanganya na udongo mkavu uliosagwa, unaongeza maji, unakanda, unafinyanga, unakausha, unachoma. Inaonekana simpo. Ugumu umejificha sehemu mbili, kwenye kupima na kwenye moto.

Kwenye kupima kosa kubwa ni kufikiria kwa uzito. Mtu anasema ntaweka asilimia 10 ya vumbi, ni kidogo tu. Sasa piga hesabu. Gramu 10 za vumbi la mbao, kwa chembe yenye msongamano wa karibu nusu ya maji, zinachukua nafasi ya mililita 20. Gramu 90 za udongo, chembe zake zikiwa nzito mara 2.6 ya maji, zinachukua mililita 35. Yani kile "kidogo tu" kimeshika zaidi ya theluthi ya nafasi yote! Na vitundu ni habari ya nafasi, sio ya uzito, kwaiyo ukiongeza hadi asilimia 20 kwa uzito unakua umevuka nusu ya nafasi na hapo tofali linaanza kumegeka mkononi. Nguvu ya kauri haishuki pole pole kadri vitundu vinavyoongezeka, inaporomoka. Hesabu wanayotumia watu wa fani hii inasema nguvu inashuka kwa mtindo wa kipeo, na ukichukua kigezo cha 5 (namba inayoonyesha kauri inadhoofika haraka kiasi gani), ambacho ni cha kawaida kabisa, basi kwenye uwazi wa asilimia 10 unabaki na kama asilimia 60 ya nguvu, kwenye 30 unabaki na 22, kwenye 50 unabaki na 8. Nane! Ndo mana hamna anaetengeneza kitu cha namna hii bila kubishana na nafsi yake kila siku, nataka kipitishe au nataka kisivunjike.

Alafu moto. Mmea hauungui kwa mkupuo, umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa na kila kimoja kina joto lake. Hemiselulosi inaanza kuvunjika kwenye digrii 220 hivi hadi 315, selulosi inafuata mpaka kama 400, na lignini inajivuta taratibu kuanzia chini huko mpaka inapita 800. Kwenye hicho kipindi gesi nyingi inatoka ndani ya udongo ambao bado haujaiva, ni dhaifu, na kama unapandisha moto haraka gesi inatafuta njia kwa nguvu na kuacha nyufa. Zaidi ya hapo kuna oksijeni. Ili mkaa uliobaki uondoke inabidi oksijeni iingie mpaka katikati ya tofali, na inaingia kwa kupenyeza kwenye vitundu vilevile vinavyozaliwa, kutoka nje kwenda ndani. Tofali likiwa nene safari ni ndefu. Na mfinyanzi akiharakisha, ule udongo wa nje unaanza kuiva na kujifunga kabla oksijeni haijafika katikati, basi mlango umefungwa, mkaa umebaki ndani, na huo mkaa unanyang'anya oksijeni ile kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo, kutu ambayo ndo inaleta rangi nyekundu, inageuka aina nyingine ya chuma inayoyeyusha udongo mapema. Udongo wa katikati unalainika, gesi inanaswa, tofali linavimba. Kile kiini cheusi cha tofali langu ndo hadithi yote hiyo, unaweza kuisoma kutoka ukingoni mpaka katikati kama pete za mti.

Dawa yake ni subira kati ya digrii 200 na 600 hivi, hewa ya kutosha, na kuta nyembamba. Ila kuna jambo lingine nililolipuuzia: vumbi ni kuni pia. Chukua tofali la kilo 2 lenye asilimia 10 ya vumbi, ni gramu 200 za mbao kavu, ambazo zinatoa kama megajuli 3.6 za joto, sawa na yuniti moja nzima ya umeme ikiwaka ndani ya tofali moja. Zidisha kwa tanuri lenye matofali 1000. Ni neema kwasababu unapunguza kuni za nje, na ni hatari kwasababu yakishika moto yote kwa pamoja joto linakukimbia mikononi na huna namna ya kulizima. Kwaiyo pale kwenye hizo digrii mia mbili tatu, badala ya kuchochea, inabidi uwe unalizuia tanuri.

Sasa mfano bora wa hii njia ni chujio la maji la udongo, lile lenye umbo la ndoo au chungu cha maua linalokaa juu ya ndoo kubwa. Lilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, mkemia aliyekua kwenye taasisi ya utafiti wa viwanda ya Amerika ya Kati, na baada ya kimbunga Mitch kuipiga Nikaragua mwaka 1998 shirika la Potters for Peace likaanza kulisambaza, badae likaenda nchi nyingi. Kambodia wanatumia pumba za mpunga zilizosagwa badala ya vumbi la mbao. Linatoa kama lita 1 mpaka 3 kwa saa, na kawaida linapakwa fedha ya chembe ndogo sana (namaanisha madini ya fedha, sio pesa) ili bakteria walionaswa wasiendelee kuzaliana.

Na hapa kuna fumbo ambalo lilinisumbua muda mrefu, naomba tulitazame taratibu. Vumbi la mbao lililochekechwa linaacha shimo la upana wa kama nusu milimita, yani mikroni 500. Bakteria kama E. coli ana urefu wa mikroni 2 na upana wa nusu mikroni. Kwenye shimo la mikroni 500 bakteria anapita kama sisimizi kwenye mlango wa gereji. Sasa chujio linamkamataje? Jibu ni kwamba yale mashimo makubwa sio yanayochuja. Yanayochuja ni vitundu vidogo vya udongo wenyewe, vile vilivyopo kati ya chembe na chembe, vya kama mikroni moja au chini. Mashimo ya vumbi ni kama vyumba, na kati ya chumba na chumba kuna ukuta wa udongo ambao maji lazima yaupenye. Bila vyumba, maji yangelazimika kupenya sentimita nzima ya udongo mzito na ungesubiri siku nzima upate kikombe. Vikiwepo vyumba, sehemu kubwa ya safari maji yanatembea bure, yanapenya kuta nyembamba tu, nyingi, moja baada ya nyingine. Kasi inaletwa na taka, usafi unaletwa na udongo.

Ukishalielewa hilo mambo mengi yanakaa sawa yenyewe. Kwanini ukizidisha vumbi chujio linaharibika? Kwasababu vyumba vinaanza kugusana, kuta zinatoboka, na bakteria anapata korido ya moja kwa moja. Kwanini kila chujio lazima lipimwe kasi, na linalopitisha maji haraka sana linavunjwa badala ya kuuzwa? Kwasababu kasi kubwa ni dalili ya korido au ufa. Kwanini wanachoma karibu digrii 900 na sio 1100? Kwasababu ukipanda zaidi udongo unaanza kuyeyuka na vile vitundu vidogo, vinavyofanya kazi yenyewe, vinazibika huku mashimo makubwa yakibaki, mtu akiangalia kwa macho anaona tundu tele na chujio limekufa. Na kwanini virusi hawakamatwi vizuri? Virusi wana upana wa kuanzia mikroni 0.02 mpaka 0.3, wanapita. Anaekwambia chujio la udongo linazuia kila kitu hajaifanya hii hesabu.

Kwa tofali la kuzuia joto mambo ni tofauti kidogo, pale hutaki njia ya maji, unataka hewa isitembee. Vitundu vidogo vingi vinashinda vikubwa vichache hata kama uwazi ni uleule, kwasababu kwenye shimo kubwa hewa inazunguka, na joto likipanda sana mwanga wa joto unaruka kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine bila kuhitaji hewa. Kwaiyo saga laini. Wapo wanaotumia wanga kabisa kwasababu chembe zake mmea umeshazipanga kwa saizi: wanga wa viazi mviringo ni kama mikroni 50, wa mahindi kama 15, wa mchele kama 5. Unachagua kitundu kwa kuchagua mmea, jambo ambalo naliona zuri sana, ingawa wanga ni chakula na mimi moyo wangu uko kwenye taka.

Tuje kwenye pumba za mpunga, kwasababu zenyewe zinavuka kutoka njia ya kwanza kwenda ya pili bila kuuliza. Vumbi la mbao likiungua linaacha majivu kidogo mno, mara nyingi chini ya asilimia 1. Pumba zinaacha kama asilimia 20! Mpunga unakunywa silika iliyoyeyuka kwenye maji ya ardhini, una milango maalum kwenye mizizi ya kuiingiza (jeni la mlango mmojawapo, Lsi1, lilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 2006), na maji yakiondoka kwa mvuke kupitia majani na maganda silika inabaki inagandiana chini ya ngozi ya nje. Ndo mana pumba zinakwaruza, ndo mana mifugo haizipendi, na ndo mana haziozi haraka. Ukivunja tofali la pumba lililoiva vizuri na ukawa na kioo cha kukuzia, ndani ya kila tundu utaona mzimu mweupe wa ganda, umbo lote lipo, mistari yake ipo, ila ni silika tupu, ukipuliza linakua unga. Tundu la vumbi la mbao ni tupu, tundu la pumba lina mkazi.

Sasa huyo mkazi ana thamani. Kwenye tani moja ya mpunga pumba ni kama kilo 200, majivu yake kilo 40, na kwenye hayo majivu silika inafika asilimia 85 mpaka 95 na kidogo. Tena ni silika yenye chembe ndogo sana na isiyo na mpangilio wa fuwele, ambayo inashiriki kwenye kemia kwa urahisi kuliko mchanga. Ila kuna masharti. Pumba zina potasiamu, na potasiamu inayeyusha uso wa silika mapema na kuufungia mkaa ndani, unapata majivu meusi ambayo hata ukiyachoma tena hayawi meupe. Suluhisho ni kuziosha pumba kwa asidi kabla ya kuchoma, hata ile asidi ya malimao inasaidia, alafu kuziosha kwa maji. Na sharti la pili ni joto. Ukikaa chini ya digrii 700 silika inabaki bila fuwele. Ukipandisha sana inageuka fuwele, kristobalaiti, na vumbi lake likivutwa na mapafu ni ugonjwa wa kudumu, silikosisi, na ni kisababishi cha saratani kinachotambulika. Hili nalisema kwa msisitizo kwasababu majivu yanaonekana ni kitu cha jikoni, hayana harufu wala hayachomi ngozi, watu wanayakoroga kwa mikono na bila barakoa. Usifanye hivo. Lowesha, vaa barakoa ya vumbi laini, usifagie makavu.

Kuna kitu kingine pumba zinafanya ambacho mimi bado kinanishangaza. Mwaka 1893 Edward Acheson alipata hataza ya kutengeneza silikoni kabaidi, ile kauri ngumu ya mawe ya kunolea, kwa kuchoma mchanga na mkaa wa mawe kwa umeme kwenye joto la zaidi ya digrii 2000. Shida ya mchanga na mkaa ni kwamba ni chembe mbili tofauti zinazogusana kwenye ncha tu. Kwenye pumba silika na kaboni vimeshafumwa pamoja na mmea wenyewe, kwa ukaribu ambao hamna mashine ya kuchanganyia inaweza kuufikia. Kwaiyo ukizigeuza mkaa kwanza bila hewa, alafu ukapandisha kwenye kama digrii 1500 bado bila hewa, silika inashikana na kaboni na unapata silikoni kabaidi kwenye joto la chini sana kuliko la Acheson. Watafiti Lee na Cutler wa Chuo Kikuu cha Utah walilitangaza hilo mwaka 1975. Kaboni inabaki ya ziada, wanaiunguza badae kwa hewa kwenye kama digrii 700, na silikoni kabaidi inavumilia bila shida. Nyingi inatoka kama unga na nyuzi nyembamba sana, ambazo nazo sio za kuvuta kwenye mapafu. Na digrii 1500 bila hewa sio tanuri la nyuma ya nyumba, hewa chafu inayotoka ni kaboni monoksaidi, inaua kimya kimya. Njia ya kwanza ni ya mfinyanzi, hii tayari ni ya maabara na kiwanda.

Njia ya tatu, ya umbo, ndo inayotokea kwenye picha nzuri nzuri. Wazo lake: mti tayari ni kitu chenye vitundu kuliko chochote tutakachofinyanga. Una mirija inayopitisha maji kutoka mzizini mpaka jani la juu kabisa, imenyooka, imeungana, na kuta zake zimepangwa kuhimili upepo. Kwanini uusage uwe vumbi alafu uanze kuhangaika kutengeneza vitundu upya? Uache ulivyo. Unachukua kipande cha mbao kavu, unakipasha pole pole sana bila oksijeni, digrii moja au mbili kwa dakika, mpaka 800 au 1000. Kinapoteza kama robo tatu ya uzito, kinasinyaa kama asilimia 20 kwa urefu wa nyuzi na 30 na zaidi kwa upana, ila ukikitazama kwenye darubini kila mrija upo pale pale, umekua mdogo tu. Ni mkaa, lakini mkaa usio na ufa. Sasa unakiweka pamoja na silikoni tupu (elementi iliyomo ndani ya silika, bila oksijeni yake), unapandisha kupita digrii 1414 ambapo silikoni inayeyuka, na mirija inaifyonza yenyewe kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Silikoni inakutana na kaboni ya kuta, zinaungana, unapata mti wa silikoni kabaidi. Peter Greil na wenzake wa Erlangen, Ujerumani, waliandika juu ya hili mwaka 1998, na watafiti wa Sevilla kule Hispania na wa NASA, shirika la anga la Marekani, nao wamelifanyia kazi sana.

Kinachonivutia hapa ni jambo la fundi. Silikoni kabaidi iliyokwisha kua silikoni kabaidi haichongeki ila kwa almasi. Lakini kabla ya hapo ilikua mbao, na kabla ya mwisho ilikua mkaa laini, na wakati silikoni inaingia kipande hakibadiliki ukubwa karibu kabisa. Kwaiyo unachonga wakati bado ni laini, kwa tupa na msasa, unatoboa matundu yako, unaweka nyuzi za skrubu ukitaka, alafu ndo unakipeleka kwenye silikoni. Unachagua na mti pia: mvinje au msonobari unakupa mirija ya saizi zake, mwaloni unakupa mirija mikubwa inayoonekana kwa macho, na ubao wa vumbi lililogandishwa unakupa kitu kinachofanana pande zote. Udhaifu wake ni huo huo uzuri wake, kina nguvu kufuata nyuzi na kinyonge kukatisha, kama mbao yoyote. Na tuseme ukweli, wengi wanatumia mbao nzuri kabisa kwa hii kazi, sio taka, kwaiyo kuiita "kauri ya taka" kuna wakati ni kupamba.

Ila mfano mmoja wa hii njia siwezi kuupita. Faenza, mji wa Italia wenye historia ndefu ya ufinyanzi, kuna kituo cha utafiti wa kauri ambako Anna Tampieri na wenzake walichapisha mwaka 2009 njia ya kugeuza mti kua mfupa. Walichukua henzerani, kwasababu mirija yake ina upana wa kama theluthi ya milimita na imenyooka, kwa mpangilio unaofanana na wa njia ambazo damu inapita ndani ya mfupa. Wakaigeuza kaboni, kaboni ikawa kalsiamu kabaidi, kabaidi ikawa chokaa, chokaa ikavuta kaboni dioksaidi ikawa kalsiamu kaboneti, na mwisho fosfeti ikaingia ikawa haidroksiapataiti, yani madini yaleyale ya mfupa. Hatua tano za kemia, kila moja inabadilisha kemia ya ukuta, na mirija ya henzerani bado ipo mwishoni. Mfupa uliovunjika unaweza kuotea humo ndani na mishipa ya damu ikafuata mirija ambayo zamani ilikua inapitisha maji ya mmea.

Nirudi chini kwenye udongo, kwasababu huko ndo mtu wa kawaida anaweza kuanza leo. Kizuizi kikubwa kwa maoni yangu ni kwamba taka hazifanani. Magunzi yana potasiamu nyingi inayoyeyusha udongo mapema kuliko ulivyopanga. Vumbi la mbao ngumu sio sawa na la mbao laini, la jana kavu na la leo bichi lina maji nusu ya uzito wake, ukipima kwa mizani umeshadanganywa. Mmea uliokua kwenye ardhi yenye metali nzito unazileta mpaka kwenye tanuri lako. Kwaiyo "taka ni bure" ni kauli ya mtu ambae hajazikausha, hajazisaga na hajazichekecha, hizo kazi tatu ndo gharama yenyewe.

Na kipimo kimoja cha bure kweli kipo, unahitaji mizani ndogo, uzi na ndoo. Pima kipande kikavu. Kichemshe kwenye maji masaa kadhaa, kiache kipoe humo humo, kining'inize kwa uzi ndani ya maji ukipime kikiwa kinaning'inia, alafu kitoe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu na ukipime tena. Uzito wa kulowa toa wa kukauka, gawanya kwa wa kulowa toa wa kuning'inia, ndo asilimia ya vitundu vilivyo wazi. Tofali langu la mwisho, la kuta nyembamba, vumbi nililolikausha kabla ya kulipima na moto nilioukalisha chini ya digrii 600 usiku kucha: kavu gramu 200, limelowa 240, linaning'inia 130. Arobaini kwa mia na kumi, asilimia 36, karibu sawa kabisa na ile theluthi niliyopigia hesabu ya vumbi. Nikalivunja kwa nyundo kuangalia. Jekundu mpaka katikati.